Meya hana gari, ana kituo

Kila mara jina la meya mpya linaposomwa kwenye televisheni ya taifa, swali la kwanza mtaani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, halihusu taka wala umeme. Linahusu gari. Jirani yangu, mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, mjini na kupanda teksibasi kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, alinisimamisha asubuhi moja, beseni kichwani. "Papa, mere mupya njo anaingia. Bei ya gari itashuka?"

Nilianza kumjibu nikidhani ni jambo la dakika moja. Tulisimama pale mpaka gari mbili zikajaa na kuondoka, na bado hakuridhika. Haya ninayoandika hapa ni jibu lile lile, nikiwa nimepata muda wa kulipanga.

Kwa kifupi: bei ya kupanda gari kushuka, usitegemee. Lakini mahali atakaposhushwa panaweza kubadilika, tena mapema kuliko anavyofikiri. Majibu haya mawili hayafanani kwa sababu yanatoka kwenye ofisi tofauti, na wengi wetu tunazichanganya ofisi hizo tunapolalamika.

Mgeni akifika Lubumbashi huuliza mabasi ya mji yako wapi. Huu ni mji wa pili wa Kongo, una komini saba, yaani Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, lakini karibu sote tunasafiri kwa magari ya watu binafsi. Mtu ananunua Hiace iliyokwisha kutumika nje, anaiwekea viti vya mbao au vya chuma, anamkabidhi shofeli. Shofeli anadaiwa kiasi maalumu kila jioni. Kinachobaki baada ya kumlipa mwenye gari na kujaza mafuta ndicho chakula chake na cha kijana anayening'inia mlangoni. Ratiba haipo, gari huondoka likijaa. Njia nazo hazijaandikwa popote, ingawa kila mtu anazijua, na shofeli akiona abiria ni wachache upande mmoja anageuza.

Meya hana hata gari moja kati ya hayo. Hana shofeli anayemlipa, hana karakana, hana tiketi za kuuza. Kwa hiyo hawezi kusema "kuanzia Jumatatu magari ya Ruashi yaongezwe" na yakaongezeka. Anachoweza ni kuamua gari lisimame wapi, lilipe nini likisimama, na nani amshike shofeli asiyetii. Ukitaka kujua meya fulani atafanya nini na usafiri, tazama mambo hayo matatu kwanza.

Na tazama pia anatoka wapi. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, inayopanga miji, komini, sekta na chefferie (maeneo ya machifu), inasema washauri wa mji ndio wamchague meya, na washauri wenyewe watokane na kura. Ndivyo karatasi inavyosema. Kwa vitendo tumezoea kuona meya anateuliwa kwa amri ya Rais, majina yanasomwa kwenye RTNC, televisheni ya taifa, usiku, na asubuhi simu za mji mzima zinalia. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya washauri wa komini, sisi wa miji mikuu ya majimbo, lakini kura hiyo peke yake haikutosha kutupatia meya wa kuchaguliwa. Wazee wanakumbusha kwamba mwishoni mwa 1957, mji ukiitwa bado Élisabethville na Mbelgiji akiwa bado ofisini, wakazi walikwisha kupiga kura ya washauri wa komini. Sitaki kuongeza neno hapo.

Uteuzi una athari moja ya moja kwa moja kwenye gari lako. Meya wa kuteuliwa hakupita mtaani kuomba kura, kwa hiyo hakuahidi chochote kuhusu usafiri. Hakuna karatasi ya ahadi unayoweza kumwonyesha baada ya mwaka mmoja. Hata anayetaka kufanya vizuri hajui ni nani hasa atakayempima: mama mwenye beseni, au wakubwa waliomweka pale? Ndiyo maana tunamsoma kwa tendo lake la kwanza, na tendo la kwanza, karibu kila mara, ni ufagio.

Ufagio huo unaenda hivi. Barabara za katikati ya mji zimejaa wauzaji waliotandika bidhaa chini, yale masoko yasiyo rasmi tunayoyaita "pirate". Teksibasi nazo zimejipanga pembeni mwao, mara safu mbili, mara tatu, kwa sababu penye wanunuzi ndipo penye abiria. Meya mpya anapita, anaona barabara ya njia nne imebaki njia moja, anakasirika kwa haki. Anasaini agizo: wauzaji waondoke, magari yahamie parkingi fulani mbali kidogo. Kwa wiki mbili mji unapumua. Picha zinapigwa. Halafu kidogo kidogo mmoja anarudi, na mwingine, na baada ya miezi michache uko palepale, isipokuwa sasa kuna mtu anayepokea pesa kidogo ili macho yafumbwe.

Kwa nini hurudi? Jibu rahisi ni utovu wa nidhamu, na sikubaliani nalo. Jibu lenyewe liko kwenye umbo la mji. Wabelgiji waliujenga mji kwa kutenga: katikati ya Wazungu, kisha ukanda mtupu, kisha makazi ya Waafrika, kuanzia Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati ule, halafu Kenya, halafu Katuba na Ruashi. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 nayo inaukata mji vipande. Kazi, benki, soko kubwa, ofisi za serikali, vyote vilibaki upande mmoja, na watu wengi upande mwingine. Mji umekua mara nyingi tangu hapo, lakini asubuhi bado sote tunamiminika kwenye tundu lile lile, na jioni tunatoka kwa tundu lile lile. Meya anaweza kuhamisha kituo. Hawezi kuhamisha sababu ya watu kwenda mjini.

Sasa tukae kidogo kwenye kituo chenyewe, maana hapa ndipo uamuzi wa meya unapokugusa mwilini.

Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi ya Katanga yanatoka Japani kwa kupitia bandari za nchi zinazoendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Usukani umezungumzwa sana. Mlango haukuzungumzwa vya kutosha. Hiace ya Japani mara nyingi ina mlango wa kuburuta upande wa kushoto tu, kwa sababu huko kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara. Ilete Lubumbashi, isimamishe kulia kwa barabara kama sheria inavyotaka, na mlango unafunguka katikati ya njia, mbele ya malori na pikipiki. Nimemtazama mara nyingi kijana wa mlangoni akishuka kwanza, anasimama na kifua chake kati ya abiria na magari, anainua mkono mmoja kama askari, mkono mwingine anampokea mama na mtoto mgongoni. Halafu anampitisha nyuma ya gari mpaka pembeni. Anafanya hivyo mamia ya mara kwa siku, na hakuna aliyemfundisha.

Kituo kilichotengwa vizuri, chenye eneo la kuingia na gari likazima kabisa nje ya njia, kinaondoa hatari hiyo bila kubadilisha gari hata moja. Kituo cha kando ya lami, kilichopakwa mstari tu, hakiondoi kitu. Hii ndiyo tofauti kati ya meya anayehamisha magari na meya anayejenga mahali pa kuyahamishia, na utaiona kwa macho bila kusoma bajeti.

Kuna na hesabu isiyoonekana. Chukua mfano wa shofeli anayepiga safari kumi kwa siku. Meya anahamisha mwisho wa njia kutoka karibu na soko hadi parkingi iliyo pembeni. Kule foleni ya kuingia na kutoka inamla robo saa kila safari. Robo saa mara kumi ni saa mbili na nusu. Amepoteza safari mbili au tatu, na mwenye gari jioni anataka kiasi kilekile, hana habari na agizo la meya. Shofeli atafanya nini? Atakata njia vipande viwili. Utalipa kutoka Katuba hadi mahali fulani, utashuka, utalipa tena kufika mjini. Kinshasa wameupa mchezo huo jina, "demi-terrain", nusu uwanja, kana kwamba ni mpira. Abiria asiyetaka kulipa mara mbili anatembea kipande kilichobaki. Kwenye karatasi bei haikupanda hata franka moja. Imepanda miguuni.

Ndiyo maana nilimwambia jirani: usisikilize tangazo la bei, sikiliza tangazo la parkingi.

Bei yenyewe tuipitie haraka. Bei ya mafuta kwenye pampu inapangwa Kinshasa, na wizara ya uchumi wa taifa, kwa kanda. Sisi tuko kanda ya kusini, ambako mafuta yanaingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tangazo rasmi la nauli hutoka kwa gavana au kwa meya, na huja baada ya mazungumzo na chama cha mashofeli, ACCO. Lakini karatasi hiyo inafuata mafuta, haiongozi. Pampu ikipanda usiku, nauli inapanda alfajiri, kabla ya mtu yeyote kusaini. Pampu ikishuka, aa, hapo mashofeli wanakuwa watu wa sheria kabisa, wanasubiri karatasi yenye muhuri. Meya mpya akikuahidi kushusha nauli, muulize kwanza kama ana kisima cha mafuta.

Magari nayo yanalipa ofisi nyingi, na hapa ndipo nyuzi zinapofungana. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, iliweka ushuru wa magari mikononi mwa jimbo, na kwetu unakusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya Haut-Katanga. Leseni ya kuendesha ni ya taifa. Bima, ukaguzi wa gari, ruhusa ya kubeba abiria, kila moja ina karatasi yake. Mji unadai pesa ya kusimama. Komini nayo, chini ya mkuu wake, burugumesta, haikosi la kudai. Muombe shofeli afungue kijisanduku mbele ya kiti chako, utaona bahasha ya plastiki imevimba kama kitabu cha nyimbo. Kwenye kioo utaona vibandiko vimepandiana, cha mwaka huu juu ya cha mwaka jana, kingine kimekwanguliwa nusu. Ukivisoma kutoka chini kwenda juu unapata historia fupi ya viongozi wa mji.

Kwa nini kila anayeingia anaongeza kibandiko? Kwa sababu mji hauna pesa, na sababu ya kutokuwa na pesa imeandikwa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki majimboni. Sheria ya 2008 inasema miji, komini, sekta na chefferie zigawane asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Piga hesabu: katika kila franka 100, jimbo 40, na katika hizo 40, ngazi za chini zote kwa pamoja 16. Hata hizo 16 zingekuwa kitu. Ila kila anayefuatilia mambo ya nchi hii anajua kwamba mgao huo haujawahi kushuka kama ulivyoandikwa. Meya anabaki na ushuru wa soko na ushuru wa kusimama. Soko haliendi popote, na magari yanapita mbele ya dirisha lake siku nzima. Wewe ungekuwa yeye, ungetoza nini?

Nina shaka, na sifichi, kwamba nusu ya kile kinachoitwa mageuzi ya usafiri mijini kwetu ni ukusanyaji wa pesa uliovaa suti. Kuhesabu upya magari, namba mpya ubavuni, kadi mpya ya shofeli: vyote vinaweza kuwa na maana kweli, maana huwezi kupanga usichokihesabu. Kipimo changu ni kimoja. Baada ya kuhesabu, je, mji ulitangaza idadi na njia za magari hayo, au ulitangaza tu tarehe ya mwisho ya kulipa?

Chombo cha tatu cha meya ni nguvu ya kushika, na hiki ndicho dhaifu kuliko vyote. Sheria inamweka meya juu ya polisi waliopangwa kwenye mji wake. Lakini polisi ni ya taifa. Kamanda hakuteuliwa na meya na hatafukuzwa na meya. Polisi wa barabarani, roulage, wanafanya kazi kwa Kanuni ya Barabara ya 1978, sheria ya taifa vilevile. Kwa hiyo agizo la meya linaishi au linakufa kulingana na maelewano kati ya watu wawili, meya na kamanda. Meya mwenye maelewano mazuri ataona parkingi yake inaheshimiwa. Asiye nayo atasaini maagizo mazuri sana, yatabandikwa ukutani mwa meri, ofisi ya meya, na chini ya ukuta huohuo Hiace itapakia abiria.

Usiwasahau manseba. Kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, manseba ni mjomba, ndugu wa mama, na hilo ndilo jina tulilompa mwenye pikipiki ya abiria. Kinshasa wanamwita "wewa", neno la Tshiluba pia, maana yake "wewe". Pikipiki ndizo zinazojaza kila shimo ambalo agizo la meya linaliacha. Kituo kimehamishwa? Mjomba yuko pale anakungoja kukufikisha mjini. Njia imekatwa? Mjomba. Mvua imegeuza barabara ya Kisanga kuwa bwawa? Bado mjomba. Halafu meya huyohuyo anashangaa pikipiki zimejaa katikati ya mji, anazipiga marufuku, na mduara unaanza upya. Kuna hoja za haki dhidi yao: ajali, kofia ngumu hazivaliwi, vijana wengine hawajui alama hata moja. Lakini idadi yao ni kama homa. Inakuonyesha ugonjwa uko wapi, na kuizima kwa amri hakuuponyi.

Mambo haya hayakuanza kwetu, na baadhi ya miji imeyapitia kwa sauti kubwa zaidi.

Nairobi walionja lile la kituo. Tarehe 3 Desemba 2018 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alizuia matatu kuingia katikati ya mji. Matatu, kama gari zetu, ni mali ya watu binafsi na vyama vyao. Watu walitembea kwa miguu, wazee, wajawazito, wanafunzi, na kelele zilizopigwa zilifanya marufuku isitishwe upesi. Nia haikuwa mbaya; msongamano wa pale ni wa kweli. Ila kituo kipya hakikuwa tayari kupokea watu waliosukumwa kwake.

Toronto, Kanada, ni kisa cha meya anayefuta kazi ya mwenzake. David Miller alitangaza mwaka 2007 mpango wa njia za treni nyepesi ukiitwa Transit City. Rob Ford akaingia ofisini tarehe 1 Desemba 2010, na siku yake ya kwanza alitangaza kwamba mpango umekufa. Yeye alitaka treni za chini ya ardhi. Hapo ungesema meya ana nguvu kweli. Lakini mwanzoni mwa 2012 baraza la mji lilipiga kura na kurudisha sehemu kubwa ya ule mpango. Ford alikuwa na sauti moja tu barazani. Waliopoteza muda ni abiria. Ninapokumbuka kwamba sisi hatujazoea kuwa na baraza la mji la kumwambia meya hapana, sijui kama niwaonee wivu kwa kura yao au niwahurumie kwa miaka iliyopita bure.

New York ni kichekesho cha aina nyingine. Zohran Mamdani alishinda umeya Novemba 2025, na moja ya ahadi zake kubwa ilikuwa mabasi ya bure. Mabasi yale yanaendeshwa na MTA, shirika la jimbo, na mwenye neno zito pale ni gavana, si meya. Mji tajiri kiasi kile, na bado meya wake anaahidi kitu kilicho mfukoni mwa mtu mwingine! Tofauti na kwetu ni kwamba kule kila mpiga kura angeweza kusoma, kabla ya kura, mfuko ni wa nani.

Ninaoupenda zaidi ni mji wa Bogotá, Kolombia, kwa sababu ulifanana nasi. Magari madogo ya watu binafsi, mashofeli wakishindania abiria barabarani, hakuna ratiba. Enrique Peñalosa alikuwa meya kuanzia 1998. Hakununua mabasi akayafanya mali ya mji. Mji ulijenga njia maalumu na vituo, na kwa mabasi yenyewe wafanyabiashara wa usafiri, wakiwemo wenye magari ya zamani, wakaingia mkataba kama makampuni. Mabasi ya TransMilenio yalianza Desemba 2000, siku chache tu kabla ya muhula wake kwisha. Angekuwa ametegemea maagizo, mrithi wake angeyafuta. Lakini mrithi alikuta mikataba, alikuta lami, alikuta watu wenye pesa zao ndani, na akaendelea kujenga. Mfumo ule una matatizo yake leo, unajaa kupita kiasi, watu wanaulalamikia. Ila ulimpita aliyeuanzisha.

Huo ndio mstari ninaoutazama mimi. Agizo huondoka na aliyelisaini. Zege hubaki, na mkataba hubaki. Meya wetu hana pesa za Bogotá, lakini hata kwa ushuru wa kusimama unaweza kujenga kituo kimoja chenye paa, choo, na eneo la gari kuingia na kufungua mlango wake wa kushoto bila kumuua mtu. Unaweza kukaa na ACCO na wenye magari, si mashofeli peke yao, mkaandika ukutani: njia hii inaanzia hapa, inaishia pale, bei ni moja, hakuna kukata. Ushuru wa kibandiko kipya ungelipwa kwa moyo mwepesi kama mlipaji angeuona umekuwa paa.

Kwa hiyo meya mpya akiingia, wiki zake za kwanza zina ishara. Akihamisha kituo, nenda utazame kile kipya kabla ya kuamini picha: kuna mahali pa kugeuzia gari? Kuna taa jioni? Mama mwenye mzigo anafikaje sokoni kutoka pale? Akitangaza kibandiko, tafuta kama ametangaza na kazi ya pesa. Akipiga vita pikipiki, angalia kama teksibasi zinafika huko pikipiki zilikokuwa zinakwenda. Na ukimwona amekaa meza moja na gavana na kamanda wa polisi wakizungumza habari ya magari, hiyo ni habari kubwa kuliko hotuba, kwa sababu wao watatu pamoja ndio wenye zile funguo ambazo mmoja peke yake hana.

Nilimweleza jirani haya yote jioni alipotoka mjini, tukiwa tumeketi kwenye kibao mbele ya nyumba yake, naye akichambua majani yaliyobaki. Alisikiliza, akauliza la kwake.

"Basi nikitaka kulalamika juu ya mafuta, naenda wapi?"

"Kinshasa."

"Juu ya takse ya gari?"

"Jimbo."

"Na juu ya parkingi walipotuhamishia, kule kwenye matope?"

"Meri. Kwa meya."

Alifikiri kidogo, akavunja bua la sombe mara mbili. "Sawa. Kutoka pale ninapouzia, meri njo ya karibu. Kule nitafika na miguu."

Jumatatu iliyofuata alikwenda, yeye na mama wengine wanne, na mabeseni yao.